Asiyejibu Amekubali

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeanza nikiwa kwenye ngazi za ofisi ya pamoja. Mhariri wangu, ambaye chumba kizima cha habari humwita Mkasi, amenituma nikae humo msimu wote wa mvua niandike jinsi halmashauri ya mji na kampuni ya wahandisi washauri wanavyojenga barabara mpya ya mabasi bega kwa bega. "Usiniletee hotuba," amesema. "Niletee kinachotokea."

Nimeandika habari za barabara tangu nianze kazi hii. Najua zinavyonuka zikioza. Nimeingia pua mbele.

Ukuta uliotenganisha vyumba viwili umebomolewa. Alama yake bado iko sakafuni, mstari wa saruji mpya. Meza zimechanganywa makusudi. Mchoraji wa kampuni amekaa mgongo kwa mgongo na mpimaji wa halmashauri, na huwezi kujua nani ameajiriwa na nani. Chupa ya chai ni moja. Ukutani kuna bango: WANANCHI NI WASHIRIKA WETU WAKUU.

Mkuu wa wahandisi wa halmashauri ni mtu mnene, mpole, ambaye kila mtu humwita Lami, na yeye huitika. Mkuu wa washauri ni mwanamke mwembamba, kalamu nyuma ya sikio. Huyo ni Bi Rula, ingawa mbele yake hawamwiti hivyo.

"Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja," Lami ameniambia. "Sisi tumevunja ukuta wa zizi."

Kisha amenieleza kanuni wanayojivunia. Upande mmoja ukiwa na swali kwa mwenzake, linasomwa kwa sauti Jumatatu mbele ya wote. Upande wa pili una hadi Ijumaa saa sita mchana kulijibu. Usipojibu, katibu anagonga kengele ndogo ya shaba iliyo mezani kwake na kusema, "Limepita." Asiyejibu amekubali. Katibu mwenyewe wamemwita Kengele, na ana sauti inayofaa jina hilo.

"Zamani barua ilikuwa inakaa mezani kwa mtu mpaka buibui anaitandia," Lami amesema. "Barabara yangu ya kwanza ilifia mezani. Sasa hakuna kinacholala."

Nimekaa siku nzima nikitafuta harufu. Sijaipata. Hili limenishtua kuliko kama ningeipata.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Wameimba kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mpimaji. Bi Rula ameimba pia, kwa sauti ndogo, akitazama mchoro.

Jumapili, 10 Machi

Nimemtembelea shangazi. Ni mkunga wa zahanati iliyo upande wa juu wa mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Nyumba nyingi ziko upande wa chini. Kati yao kuna daraja la miguu, la mbao na chuma, linalolia ukilikanyaga. Barabara mpya itapita kandokando ya mfereji, na mfereji wenyewe utapanuliwa.

Amenifungulia mlango akiwa bado na glovu.

"Mwandishi wa habari kubwa kubwa! Umekuja na kitu au umekuja na kalamu tu?"

"Na kalamu, shangazi."

"Haya, basi itumie. Waulize hao mafundi wako: daraja likiondoka, wanawake wangu watapita wapi? Ukienda kule daraja la magari ni mwendo wa kuzunguka nusu ya mji. Mimba haizunguki, mwanangu. Ikifika imefika."

Nimemwambia nitauliza.

Jumatatu, 11 Machi

Kwanza nimempigia Mkasi kumwambia kwamba mkunga wa zahanati ile ni dada wa marehemu baba yangu. "Liandike hivyo kwenye habari," amesema, akakata simu.

Kisha nimemuuliza Lami wanawake watapita wapi. "Hilo liko mikononi mwa wenzetu. Kuna daraja jipya, wamelichora vizuri sana. Mwone Bi Rula."

Bi Rula: "Watu ni wa halmashauri. Wao ndio wanaojua wanapita wapi na lini. Wamekwisha kulipangia, bila shaka."

Nimewatazama machoni wote wawili. Hawakudanganya. Mwongo namjua.

Ijumaa, 15 Machi

Maswali kadhaa yamepita. Mvua imenyesha tangu alfajiri na dari linavuja juu ya chupa ya chai. Wamehamisha chupa, hawakuhamisha ndoo.

Jumanne, 19 Machi

Mfereji umefika nusu. Nyapara, msimamizi wa ujenzi, mtu mwenye kifua kama pipa na sauti ya kushindana na mashine, amenionyesha ulivyomega ukingo. "Maji haya hayana adabu," amesema. "Yanaingia bila hodi."

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimepigwa butwaa, na ninaandika polepole ili nisikosee.

Saa sita kasoro kidogo, Kengele alisimama akasoma maswali ya wiki ambayo hayakujibiwa. La tatu lilikuwa la halmashauri kwa washauri: je, daraja la zamani pale zahanati liondolewe sasa, ili kazi ya kupanua mfereji ianze? Watu walinyamaza. Akagonga. "Limepita."

Nilimfuata mezani.

"Samahani, dada. Na daraja jipya je? Linajengwa lini?"

"Lile? Lilisogezwa awamu ya pili."

"Nani kalisogeza?"

"Washauri waliuliza kama lisogezwe. Halmashauri hawakujibu. Lilipita Ijumaa iliyopita. Ulikuwepo, ulikuwa unakwepa tone la maji."

"Awamu ya pili ni lini?"

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nauliza mwisho wa dunia. "Hiyo itajulikana ikijulikana."

Nikawaendea Lami na Bi Rula, waliokuwa wanamiminiana chai. Nikamuuliza kila mmoja mbele ya mwenzake: la zamani linaondoka, jipya halijengwi. Nani ameamua?

Lami alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ninyi si ndio mlitaka lisogezwe? Nilijua mna sababu za kitaalamu."

"Sisi tuliuliza tu," Bi Rula alisema. "Tulitaka kujua kama ninyi mnalitaka sasa. Mlipokaa kimya tukajua hamlitaki."

"Na la zamani?" Lami aliuliza. "Kwa nini hamkutujibu?"

"Mlipouliza, nilijua mmeshapanga watu watapita wapi. Nikuulize tena, nionekane nakukagua?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nimetafuta wizi chumba hiki chote. Nimetafuta uzembe, chuki, rushwa, mashindano. Kumbe ni adabu. Kila upande ulichukulia swali la mwenzake kuwa ni salamu, na salamu ya mtu unayemheshimu huipingi.

"Basi tutauliza upya Jumatatu," Bi Rula alisema.

"Sisi ndio tuulize, kosa ni letu."

"Hapana, Mhandisi, ni letu."

"Jamani," niliwaambia, "Nyapara yuko kule na mashine leo."

Wote wawili waliitikia kwa kichwa. Wote wawili walikuwa na simu mkononi. Nikaondoka nikijua mmoja atapiga.

Jumamosi, 23 Machi

Daraja halipo. Nimefika asubuhi nikakuta vipande vyake vimepangwa vizuri kandokando, mbao na mbao, chuma na chuma. Nyapara alikuwa anapangusa buti.

"Hakuna aliyekupigia simu jana?"

"Ya nini? Kengele ikigonga, naletewa ujumbe, nafanya. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Nimewapigia. Lami: "Nilijua Bi Rula atampigia. Msimamizi anapokea maelekezo kwake, nisingemruka mwenzangu." Bi Rula: "Ubomoaji ni wa halmashauri. Nisingemvunjia Lami heshima mbele ya mtu wa chini yetu."

Nimekaa kwenye rundo la mbao. Methali inasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa wawili tu, na kila mmoja alikuwa anampisha mwenzake kwenye usukani.

Jumapili, 24 Machi

Shangazi hapokei simu.

Jumatatu, 25 Machi

Hakuna aliyeuliza chochote kuhusu daraja. Kila upande unasubiri mwingine aanze, maana aliyesema "kosa ni letu" ndiye mwenye haki ya kuuliza, na wote walisema.

Mvua kubwa.

Jumatano, 27 Machi

Nilikwenda zahanati kumwomba shangazi radhi kwa kuchelewa kumpa habari. Alikuwa hajafungua mdomo tulipomsikia Nyapara akiita kutoka ng'ambo. Sauti yake ilivuka maji kama jiwe.

"Mkunga! Mkungaaa! Huku kuna mtu!"

Mfereji ulikuwa umejaa hadi ukingoni, maji mekundu yanakimbia na matawi. Upande wa pili wanawake walikuwa wamesimama kwenye matope wameshika turubai la mafundi juu ya mwenzao aliyelala. Alikuwa mke wa fundi baiskeli. Alikuja kwa miguu kama wanavyokuja wote, akijua kuna daraja. Alikuwa kwao, kwa wazazi wake, tangu wiki iliyopita, na hakuna aliyemwambia limeondolewa. Gari lililotumwa kumzungusha lilikuwa limekwama kwenye barabara hii hii mpya, mahali ilipochimbwa.

Shangazi alivua viatu, akashuka mpaka maji yakamgusa magoti. Nilimshika kanzu yake ya kazi kwa nyuma.

"Niachie."

"Shangazi, maji haya yatakubeba."

Alisimama. Alitazama maji, akatazama turubai. Kisha akakunja viganja mdomoni.

"Wewe baba! Mwenye sauti! Geuka, usimtazame! Unisikilize mimi, useme ninachosema!"

Nyapara aligeuka. Akasimama pale kwenye mvua, mgongo kwa turubai, uso kwetu, mikono ubavuni kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Mwambie asisukume bado!"

"Anasema usisukume bado!"

"Apumue kwa kifupi, kama mbwa aliyekimbia!"

Nyapara alisita. "Anasema... pumua kama mbwa, mama, samahani!"

Mwanamke mmoja chini ya turubai alicheka, akaanza kulia hapo hapo. Tulienda hivyo kwa muda ambao sikuupima. Shangazi aliuliza wanaona nini. Nyapara alirudisha majibu akiwa amefumba macho, maneno ambayo nina hakika hajawahi kuyatamka mbele ya mtu. Kichwa. Bega. Kitovu kimezunguka shingo.

"Mwambie aliye karibu apitishe kidole chini yake, akivute polepole juu ya kichwa! Polepole! Asikate!"

"Polepole! Asikate! Polepole!"

Kisha maji yakavuma na hatukusikia kitu. Shangazi alipiga kelele: "Akilia, mnyanyue shuka!"

Tulisimama tukitazama turubai. Hakuna kilichonyanyuka. Nyapara, aliyeelekeza uso kwetu, hakujua zaidi yetu, na hakugeuka kwa sababu aliambiwa asigeuke. Nimeshuhudia mambo mengi katika kazi hii nikiwa na kalamu mkononi. Leo kalamu ilikuwa ndani ya maji na sijui niliitupa saa ngapi.

Shuka ilipanda. Ya njano, imelowa, mikono miwili.

Shangazi hakupiga vigelegele. Aliendelea kutoa maagizo mpaka lori la kokoto lilipofika kuwachukua mama na mtoto. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi, lakini amefika hospitali na jioni wameniambia wote wawili wapo.

Tulipokaa ndani, akijikausha nywele, nilimweleza yote: kanuni, kengele, maswali mawili yaliyopita kwa kimya. Nilitegemea atukane. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna aliyetaka?"

"Hakuna."

"Leo nimebahatisha," alisema. "Na bahati haina zamu."

Alhamisi, 28 Machi

Ofisini wamesikia. Lami amekaa bila kugusa chai. Bi Rula amechora mstari, akaufuta, akauchora tena. Nilitarajia mmoja wao aagize daraja la muda. Lami ameniambia pembeni kwamba kuchora ni kazi ya washauri na anaogopa kuwaamrisha kwa hasira. Bi Rula ameniambia pembeni kwamba kuidhinisha ni kazi ya halmashauri na anaogopa kuonekana anafunika kosa. Yote mawili ni kweli. Nimetoka nje nikapumua.

Jumatatu, 1 Aprili

Shangazi ameingia ofisini akiwa na viatu vya mpira, matope hadi magotini. Maji yalimdondoka kwenye alama ya ukuta uliobomolewa. Alimwendea Kengele moja kwa moja.

"Hujambo, binti. Nani anaruhusiwa kuuliza hapa?"

"Sijambo, mama. Shikamoo. Mshirika yeyote."

Shangazi alinyoosha kidole kwenye bango. "Mimi ni nani hapo?"

Kengele alilisoma bango kama analiona leo. "Mshirika mkuu," alisema kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

"Basi andika. Vile vyuma viwili virefu vilivyolala kwa Nyapara, vilazwe juu ya mfereji pale zahanati. Vipigwe mbao za lile daraja lao la zamani. Viwekewe kamba za kushikilia. Kabla ya Jumamosi jioni. Mnaonaje?"

"Unalielekeza kwa nani, mama? Halmashauri au washauri?"

"Wote. Asiyetaka aseme."

Kengele alisoma kwa sauti. Hakuna ambaye hakusikia. Lami alimtazama Bi Rula, Bi Rula akatazama meza.

Nilipomsindikiza nje nilimwambia, "Shangazi, wakijibu kwamba hawakubali?"

"Watu hawa? Wangejua kusema hapana, mimi ningekuwa bado na daraja."

Jumatano, 3 Aprili

Hakuna jibu. Mvua.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemkuta Nyapara akicheka peke yake.

"Usiandike hili. Au andika, shauri yako. Juzi Bi Rula alikuja hapa na mwavuli, akapima vile vyuma kila inchi, akavigonga, akanichorea pa kuviegemeza. Akaniambia, usimwambie Lami. Jana Lami kaja, kapima vilevile, kanikagulia kingo, kaniletea na mbao nzuri zaidi. Kaniambia, usimwambie Bi Rula."

"Vinabeba?"

"Wamefikia jibu moja. Vinabeba, na zaidi."

Wiki ya kwanza niliwadhani watu wazuri. Baada ya lile turubai niliwaona watu wabaya wenye tabia nzuri. Leo sijui niwaweke wapi.

Ijumaa, 5 Aprili

Kengele alilisoma swali la mkunga. Nimehudhuria mabunge, mahakama na mazishi. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Vingine vyote vilikuwa kimya cha watu wasiosema. Hiki kilikuwa cha watu walioamua. Aligonga.

"Limepita."

Jumamosi, 6 Aprili

Daraja limelala juu ya mfereji. Nyapara alivuka wa kwanza, akaruka katikati, akarudi. Wa pili alikuwa mke wa fundi baiskeli na mtoto wake mgongoni, anakwenda kliniki. Nyapara aligeuka akampa mgongo mpaka alipopita. Alisema amezoea.

Jumapili, 7 Aprili

Nimempigia Mkasi nikamsimulia yote.

"Nani aliamua?" ameuliza.

"Ndiyo habari yenyewe."

"Hakuna habari bila mtenda. Nipe mtenda, au sichapishi."

Jumatatu, 8 Aprili

Mimi pia ni mwananchi. Nimempa Kengele swali, akalisoma kama mengine, ingawa sauti yake ilikwama mahali pamoja:

"Mwandishi anauliza. Je, ni kweli kwamba daraja la zahanati lilibomolewa bila jingine, na mwanamke akajifungulia kwenye matope, kwa sababu Mhandisi wa halmashauri na Mkuu wa washauri, wote wawili, walinyamaza pale walipopaswa kusema?"

Lami alifungua kinywa. Nilisubiri. Alikifunga.

Nimewaambia wazi, mmoja mmoja, kwamba nina kalamu na nitaandika kila neno la utetezi watakalonipa. Mwanasheria wa kampuni akipenda kujibu, ajibu. Diwani akipenda, ajibu.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua imepungua. Bi Rula ameniuliza mtoto ana afya gani. Nimemwambia nzuri. Ameshukuru, akarudi kwenye mchoro wake.

Ijumaa, 12 Aprili

Jua limetoka kwa mara ya kwanza tangu nianze kuja hapa, na chumba kilionekana kichafu. Shangazi alikuja, akasimama mlangoni akiwa amekunja mikono.

Saa sita. Kengele alisimama na kusoma swali langu upya, neno kwa neno. Kisha akainua kengele akaishika hewani, muda mrefu kuliko siku nyingine zote. Alimtazama Lami kana kwamba anamwomba. Lami alikuwa anamtazama Bi Rula. Nilidhani wanafanya tena kile kile, kila mmoja akimpisha mwenzake.

Sivyo. Bi Rula alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaifunga kifuniko, akailaza mezani. Lami aliinuka, akatembea mpaka kwenye ile alama ya ukuta, akasimama karibu naye. Wakanigeukia mimi, wote wawili, midomo imefungwa, wakasubiri.

Kengele aligonga.

"Limepita," alisema.